Karatasi Mbili za Mtani Wangu

Mjini hapa walimwita Mwandishi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikozaliwa na nani alimzaa sitaeleza, hayo yana wenyewe. Inatosha kusema kwao ni Unyamwezini na kwetu ni Uluguru, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaonana. Kwa asiyejua utani: Mnyamwezi anaweza kuingia kwenye ghala langu, akachukua chane ya ndizi bila kuomba, akaniita mwizi mbele ya wateja wangu, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nikikasirika, mwenye kosa ni mimi.

Mimi nilikasirika. Nitafika huko.

Mimi ni mtu wa ndizi. Nilishuka kutoka Kinole na mkungu kichwani, leo nina ghala Mwembesongo na magari mawili ya mizigo. Shule niliishia darasa la pili. Nilipokuwa kijana nilikwenda ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, nikazijua herufi za kuchapa. Kibao cha duka nasoma. Gazeti nasoma, polepole, kwa kidole. Mwandiko wa mkono siuwezi. Zile herufi zinazoshikana kama watu wanaocheza ngoma, sioni wapi moja inaanza na nyingine inaishia. Hilo sikumwambia mtu, hata mke wangu hakulijua. Mikataba yangu yote nilidai ichapwe, na watu wakasema, "Mzee huyu makini sana."

Mwandishi alikuwa na safu katika gazeti la hapa mkoani, kila Jumamosi. Hakuandika habari za wakubwa. Aliandika juu ya mama anayekaanga vitumbua stendi, juu ya fundi baiskeli mwenye mguu mmoja, juu ya mchimba makaburi anayeogopa giza. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na alitembea mikono iko nyuma kama mtu anayekagua shamba lake, naye shamba hakuwa nalo. Karibu kila asubuhi alikuja ghalani, akageuza tenga tupu, akalikalia.

"Mluguru," atasema, "bado hujarudisha ndizi ulizowaibia babu zangu walipopita hapa na mizigo?"

"Babu zako walipita wamebeba mizigo ya watu," namjibu. "Wangekuwa na akili wangebaki hapa wapumzike."

"Wangebaki, mngewauzia maji."

Wapagazi wangu walicheka mpaka wakaweka mikungu chini. Hapo nilikuwa nafoka, lakini nilipenda. Siku asipokuja niliuliza yuko wapi.

Mtu akisema naye hakuandika kitu. Alisikiliza tu, mdomo wazi kidogo. Nilimuuliza kwa nini hatoi kalamu kama waandishi wengine. Akasema kuandika mbele ya mtu anayezungumza ni kama kumpima sanda akiwa hai. Akitoka ndipo alipokwenda kuandika nyumbani, kwenye daftari la mistari, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake umelala upande mmoja kama mvua yenye upepo. Kompyuta aliikataa. Binti mmoja wa steshenari ndiye aliyemchapia, na walikuwa wakigombana kila wiki kwa sababu binti alimrekebisha.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Aliandika vizuri sana juu ya uvumilivu, na nyumbani aliwarushia kuku kandambili. Aliandika kitabu kizima juu ya watu wa milima ya Uluguru, naye mlima aliuogopa. Nilimpandisha mara moja kwetu Kinole. Kwenye daraja la magogo alikaa chini, akavuka kwa makalio, watoto wa shule wakamsubiri ng'ambo wakimpigia makofi. Wazee wa kule wote waliomo kitabuni aliwahojia hapa mjini, siku za gulio, wakiwa wameketi kwangu.

Kitabu chenyewe alikichapisha kwa fedha zake, na maboksi yakabaki uvunguni. Alikigawa bure. Siku moja tulikuwa tunapita sokoni akaona mwanamke anafungia karanga kwa kurasa zake. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Yeye akanunua vifurushi vitatu, akavifungua, akawa anatafuna na kusoma.

"Huyu mama ana bahati," akasema. "Amepata sura nzuri. Sura ya nne ingeharibu karanga."

Lakini habari yake kubwa ni kawaida moja aliyokuwa nayo, na sijaona mwandishi mwingine mwenye nayo. Hakupeleka gazetini habari ya mtu kabla hajamsomea mwenyewe. Alikuja na karatasi zake, akakaa mbele yako, akakusomea yote, mazuri na mabaya. Ukisema "hapo toa", alibishana na wewe, lakini alitoa. Ukisema "chana", alichana pale pale, akaenda zake kanuna. Alisema mtu asijikute gazetini kama anavyokuta nyoka kitandani.

Nilimshuhudia akimsomea mkulima mmoja wa Gairo aliyekuja kuuza karanga. Yule bwana alisikiliza, mikono kifuani, halafu akasema:

"Yote sawa. Ila umeandika nina ng'ombe wanne. Andika kumi."

"Si uliniambia wanne?"

"Sita wako njiani."

"Basi wakifika nitaandika tena," Mwandishi akamwambia. Wakabishana mpaka adhuhuri.

Kuna kikongwe wa Kisaki aliyekuja mjini kutibiwa macho, wakazungumza hospitali, halafu kikongwe akarudi kwao. Mwandishi alipomaliza kuandika alipanda basi mpaka Dar es Salaam, na huko treni mpaka Kisaki, kumsomea kurasa mbili. Treni ya kurudi haikuja siku tatu. Alilala barazani kwa watu, akaumwa na mbu, akarudi na homa. Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, alimchoma sindano akimtukana. "Kurasa mbili! Si ungempigia simu?" Akasema kikongwe hasikii vizuri kwenye simu.

Huyo ndiye mtu ambaye mimi nilisimama mbele ya watu nikasema hakunionyesha.

Ilikuwa hivi. Alitaka kuandika juu yangu. Mimi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Kwa miezi nilimweleza mambo yangu pale kwenye tenga, na mtu akikusikiliza mdomo wazi unasema hata usiyopanga. Nilimweleza habari za dada yangu mkubwa. Kwetu ardhi inafuata mama, kwa hiyo shamba la ndizi nililoanzia lilikuwa la dada, si langu. Ndizi za kwanza alizikata yeye, na mikungu ya kwanza tulishuka nayo wawili, yeye akibeba mkubwa kwa sababu mimi nilikuwa nakohoa. Mimi nikabaki mjini nikawa tajiri. Yeye akarudi juu. Na kwetu mjomba ndiye mwenye wapwa, watoto wa dada yako ni mzigo wako kabla ya watoto wako. Nilimweleza pia kwamba nyumba ya dada inavuja, na wapwa zangu wawili waliacha shule. Nilisema nikicheka, kama mtu anayeeleza habari ya mwingine.

Siku aliyokuja na karatasi ilikuwa siku ya kupakia. Gari liko mlangoni, wapagazi wanapita, na mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, mtu niliyetaka aniheshimu, amesimama ubavuni kwangu. Mwandishi akageuza tenga.

"Mtani, kaa nikusomee."

Mbele ya yule wa Dar. Niliona kama ameninyooshea kidole.

"Unisomee, mimi mtoto?" nikasema. "Lete hapa."

Akanipa. Karatasi mbili, bluu tupu, mvua ya upepo. Nilizishika kwa umbali ambao nimeona watu wasomi wanashika. Nikateremsha macho polepole. Nikahesabu moyoni mpaka thelathini, nikafunua ya pili, nikahesabu tena. Nikamrudishia.

"Sawa. Peleka."

"Na pale kwa dada?"

"Pale pia sawa."

Alinitazama kidogo. Halafu akakunja karatasi, akachukua chane yake ya ndizi, akaondoka.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akaingia mtu na gazeti.

"Mzee, umo humu!"

"Soma," nikasema, kwa majivuno. Nilikuwa najisikia kama bwana harusi.

Akasoma kwa sauti, watu saba kwenye benchi. Mwanzo walicheka vizuri, kulikuwa na vichekesho juu ya ubahili wangu. Halafu akafika kwa dada. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba tajiri huyu alishuka mlimani juu ya kichwa cha dada yake, na kwamba mvua ikinyesha Kinole watoto wanahamisha kitanda na kuulizana: mjomba yuko wapi? Hakuna aliyenitazama. Kwa Mluguru afadhali uandikwe umeua. Nilitoka na nusu kichwa, kitambaa cha kinyozi bado kiko shingoni.

Ilikuwa kweli yote. Hata leo sijapata neno moja la uongo ndani yake. Ningeweza kwenda kwake nikamtukana matusi ya utani, yakaisha. Mimi nikachukua wafanyabiashara wenzangu wawili kama mashahidi, nikaenda ofisi ya gazeti kumshitaki mtani wangu. Nilipofika kwetu baadaye, mzee wetu wa ukoo aliniuliza mbele ya watu, "Mluguru gani anamshitaki Mnyamwezi? Umekuwa mtu wa wapi wewe?"

Mhariri alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, Mwandishi amekaa upande wa pili.

"Mzee, huyu sheria yake ni kumwonyesha mtu kwanza. Wewe alikuonyesha?"

"Sijaona kitu."

"Hata karatasi?"

"Hata karatasi. Na hayo ya dada yangu kayatunga."

Mhariri akamgeukia. "Mwandishi, ulimwonyesha au hukumwonyesha?"

Mwandishi alivua miwani akaifuta kwa shati. Alinitazama bila miwani, macho yake madogo, na mimi nikaona kwamba anajua. Jibu lilikuwa mdomoni mwake. Angesema tu, "Nilimpa karatasi mkononi, ila huyu mwandiko hajui kusoma, mpeni asome hapa." Nilikuwa na wenzangu wawili wa biashara pembeni. Lingesambaa soko zima kabla ya adhuhuri. Nilikaa pale nikisubiri kuvuliwa nguo.

"Sikumsomea," akasema.

"Kwa hiyo hukumwonyesha."

"Sikumsomea."

Basi. Gazeti likaomba radhi, na safu yake ikaondolewa. Nami nikatoka kifua mbele. Nilimnunulia kila shahidi soda.

Wiki hiyo hiyo nilipeleka mabati Kinole, nikaezeka nyumba ya dada, kwa hasira, ili mtu akipanda kuchunguza akute mwandishi ni mwongo. Dada yangu alisimama uani akitazama mafundi.

"Kaka, huyu rafiki yako anaandika vizuri," akasema. "Mwambie aandike tena. Choo nacho kimebomoka."

Halafu akashuka mjini na mkungu, akampelekea Mwandishi nyumbani kwake, kumshukuru. Mkungu mkubwa, kama kawaida yake.

Baada ya hapo Mwandishi aliishi kwa kuandikia watu. Barua za kuomba kazi, hotuba za harusi, wasifu wa marehemu wa kusomwa msibani. Hakuja tena kwangu kukalia tenga, lakini tukikutana njiani alinitania kama zamani, "Mluguru, bado unaiba?" na mimi nilijibu kwa sauti ndogo. Sikuweza kumtazama machoni. Ningefurahi angenikasirikia.

Sasa niseme lililonichoma kuliko yote. Mkewe hakujua. Yeye alijua kama mji ulivyojua: mume wake alifanya uzembe, akamwaibisha mzee wa watu. Kwa hiyo kila Idi, miaka yote hiyo, aliniletea pilau. Sahani imefunikwa kitambaa kilichofumwa, yeye mwenyewe mlangoni kwangu.

"Shemeji, Idi njema. Utusamehe kwa yale."

"Yamepita, shemeji," namwambia.

Nami nikaila. Nilikaa nikaila, na nyama yake nikaimaliza. Hapana siku niliyoirudisha.

Masika haya nilisikia kiharusi kimempiga Mwandishi. Nilikwenda siku ya tano. Njiani niliapa nitasema. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Mdomo umeenda upande, lakini maneno yalitoka, taratibu.

"Mluguru. Umekuja kuona kama nimekufa, upate urithi?"

"Urithi gani? Maboksi ya vitabu?"

Alicheka kwa upande mmoja. Mkewe akaleta chai, akaniwekea stuli. Alipogeuka kuondoka nikamwambia:

"Shemeji, kaa. Nina neno."

Akakaa kwenye kizingiti. Uani nyuma ya ukuta wa matofali kulikuwa na wanawake wapangaji, mmoja anatwanga kisamvu, wengine wanazungumza.

Nikasema. Kwamba mumewe alinionyesha. Kwamba karatasi nilizishika mkononi, mbili, na aliniuliza na pale kwa dada, nikasema sawa. Kwamba habari za dada nilimpa kwa mdomo wangu. Kwamba kule ofisini nilisema uongo. Mkewe alikuwa ananitazama haelewi.

"Sasa kama ulisoma ukakubali, kwa nini ulikwenda kushitaki?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mwandishi akainua mkono wake mzima.

"Huyo anatania tu," akasema. "Mtani huyo. Mpe chai."

Alinifungulia mlango. Ningeweza kucheka, nikanywa chai, nikaenda. Utani una nafasi ya kila kitu, hata hilo lingeingia.

"Sitanii," nikasema. "Sikusoma. Mwandiko wa mkono sijui kusoma. Niliona haya mbele ya watu, nikajifanya nasoma."

Mkewe hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Kulikuwa na sehemu ya kucheka. Hakucheka." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nikasema nitarudi jioni nimsomee tukiwa wawili. Gazeti lilikuwa linasubiri. Nikaona uvivu, nikapeleka. Kwa hiyo kosa ni langu. Nilikwenda Kisaki kwa treni, Mwembesongo nikashindwa kurudi kwa miguu."

Nilitamani kulishika hilo. Kwa muda kidogo nililishika, nasema kweli, moyo wangu uliona nafuu: kumbe na yeye. Halafu nikaona namna alivyokuwa ananitazama, anasubiri nipokee, kama mtu anayekusogezea kiti. Nikakiacha.

"Wewe ulichelewa," nikamwambia. "Mimi nilisema uongo. Usichanganye."

Mkewe alikuwa amekunja upande wa khanga yake mkononi, anaukunja na kuukunjua.

"Miaka yote hii," akamwambia mumewe, "nimekuita mzembe. Mbele ya watoto wako. Na wewe unanisikiliza."

"Ningekuambia, ungeacha kumpelekea pilau."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Akanigeukia.

"Shemeji, pale ofisini ulisema mbele ya watu wangapi?"

"Mhariri, na mashahidi wawili."

"Na sokoni?"

"Sokoni nilimwambia kila mtu."

"Mhariri amehama, gazeti lenyewe halipo. Lakini soko lipo." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuwaambia wagonjwa mambo. "Utakwenda kusema."

"Nitakwenda."

"Utasemaje? Sema nisikie."

Nikasema tena, macho chini, maneno yakiishia kwenye ndevu zangu.

"Hivyo hivyo?" akasema. "Ulipomsingizia ulisema hivyo? Simama. Wale wa uani hawajasikia."

Mimi mzee, wapagazi wananiamkia tangu mlangoni, nilisimama kwenye baraza la watu kama mwanafunzi. Nikasema kwa sauti ninayotumia kuita gari lirudi nyuma. Nikasema mwandiko wa mkono sijui kusoma. Nikasema Mwandishi alinionyesha, mimi nikamsingizia, na ya dada yangu yote ni kweli.

Kule nyuma ya ukuta mtwangio ulisimama. Mazungumzo yakakatika.

"Ongeza na mwandiko wangu ulikuwa mbaya," Mwandishi akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Nyamaza wewe," mkewe akamwambia. Na kwangu: "Rudia pale kwa dada."

Nikarudia.